Inajikokota Wapi Hasa?

Wakikutana wasomaji wawili waliopitia riwaya moja nene ya fantasia, mmoja atakwambia ameishi ndani ya kitabu hicho mwezi mzima na alihuzunika kilipokwisha. Mwingine atakwambia alikifunga ukurasa wa 140, akakirudisha rafuni, na wala hajuti. Mara nyingi mjadala huishia hapo: kila mtu na ladha yake. Jibu hilo halinitoshi. Ladha ipo, lakini ukiwabana wote wawili kwa maswali machache (ulikisoma kwa siku ngapi, nakala ya aina gani, uliishia sura gani, tanbihi ulizisoma au uliziruka) unagundua kwamba kila mmoja alisoma kitabu chake. Na neno wanaloligombania karibu siku zote ni lilelile: inajikokota.

Neno hilo limebeba maana tatu, na watu hubishana usiku kucha bila kujua kila mmoja ameshika ipi.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien ilitoka kwa mafungu matatu, mawili mwaka 1954 na la mwisho Oktoba 1955. Mwanzoni mwa 1956 mshairi W. H. Auden aliisifu sana katika New York Times, na humohumo akashangaa jinsi kitabu hicho kilivyowagawa watu: hakuwaona wenye maoni ya wastani, ila wanaokipenda kupindukia na wasioweza kukivumilia. Mwaka uleule mkosoaji wa Marekani Edmund Wilson aliiponda katika jarida la The Nation. Katika uhakiki wa Wilson kuna jambo dogo ambalo watu hulipita: alieleza kwamba alikuwa ameisoma riwaya nzima kwa sauti, akimsomea bintiye wa miaka saba. Kazi hiyo ina maneno zaidi ya 450,000. Kwa mwendo wa kawaida wa kusoma kwa sauti, maneno kama 150 kwa dakika, hizo ni saa 50 za kutamka kila neno, kila wimbo, kila jina la mlima. Asomaye kimya huteleza juu ya aya ya mandhari na kutua pale mambo yanapochemka. Asomaye kwa sauti hana pa kukwepea. Mazungumzo yaliyokakamaa yanamkwama kooni. Sisemi Wilson angeipenda riwaya ile kama angeisoma kimya, kwa kuwa alikuwa na hoja zake na alizitetea. Ninachosema ni kwamba njia aliyoipitia ilikuwa njia yake, na watu wengi wanaorudia hukumu yake hawajui aliipitia vipi.

Turudi kwenye maana tatu.

Ya kwanza: yanayotokea ni machache. Mfano mzuri ni Titus Groan ya Mervyn Peake, iliyotoka mwaka 1946. Titus, ambaye jina lake liko kwenye jalada, anazaliwa mwanzoni, na kitabu kinapofika mwisho hajatimiza hata miaka miwili. Sura ya kwanza inamhusu mtu mmoja anayefuta vumbi kwenye sanamu za mbao zilizopakwa rangi, peke yake, katika ukumbi ambao hakuna anayeutembelea. Anakuja mtumishi na kumwambia mrithi amezaliwa. Ndiyo sura hiyo. Peake alikuwa mchoraji, na anaandika kama anayechora: vumbi, mwanga unaopenya dirishani, goti la mtu linalolia kila akipiga hatua. Kama unasoma ili kujua nini kitafuata, utahisi umefungiwa chumbani. Kama unasoma ili kuona, utashangaa jinsi kurasa zinavyokwenda mbio.

Na kuna tatizo la rafu. Kitabu hicho huwekwa kwenye fantasia, lakini ndani yake hamna uchawi wala joka. Kuna ngome kubwa kupita kiasi na watu wanaofuata mila ambazo hakuna anayekumbuka zilianzia wapi. Msomaji aliyeingia akisubiri uchawi hulipwa na kitu kingine kabisa, naye huita subira yake iliyopotea "kujikokota". Kwa kweli kilichomwangusha ni ahadi ambayo mwandishi hakuitoa.

Maana ya pili: sentensi zenyewe ni nzito. Matukio yanaweza kuwa tele, lakini kila sentensi ina vishazi vitatu vinne, kitenzi kimechelewa, na neno moja au mawili hujawahi kukutana nayo. Hapa dawa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Soma aya mbili za mwanzo wa kila kikao kwa sauti ya chini. Aya mbili tu, dakika mbili au tatu. Sikio likishakamata mdundo wa mwandishi, jicho linafuata lenyewe na unaweza kuendelea kimya. Wanaoshindwa ni wale wanaotoka kwenye ujumbe mfupi wa simu na kuzama moja kwa moja kwenye sentensi ya maneno sitini. Akili bado inatembea kwa hatua fupifupi. Ukurasa wa kwanza wa kila kikao ndio mgumu kuliko yote, kwa hiyo vikao vingi vifupi vinamaanisha kurasa ngumu nyingi.

Maana ya tatu ndiyo yenye utajiri, na ndiyo inayowatenganisha wasomaji kuliko hizo mbili: habari zimefichwa. Sentensi inasomeka, tukio linaonekana, ila maana yake imewekwa mahali ambapo lazima uifuate mwenyewe. Gene Wolfe ndiye bingwa wa jambo hili. The Book of the New Sun, mafungu manne yaliyotoka kati ya 1980 na 1983, inasimuliwa na Severian, mwanagenzi wa chama cha watesaji, anayedai kwamba hasahau kitu chochote. Mapema katika fungu la kwanza anamkuta mzee akisafisha picha za kale. Katika picha moja kuna mtu aliyevaa deraya, amesimama kwenye jangwa lisilo na uhai. Hana silaha, ameshika mti wenye bendera iliyokakamaa, na kinga ya uso wake ni ya dhahabu tupu, haina tundu la macho, na jangwa linaakisiwa humo. Inamgusa Severian bila yeye kujua kwa nini, kisha anapita. Hakuna anayesema ni picha ya nini.

Msomaji mmoja anaona shujaa wa kale na anageuza ukurasa. Mwingine anasimama: bendera iliyokakamaa kwa sababu hakuna upepo, kinga ya dhahabu isiyo na tundu. Ni mwanaanga, amesimama mwezini. Ghafla kitabu chote kinageuka. Hadithi iliyoonekana ya zama za kale ni ya zama zijazo, mbali kiasi kwamba watu wamesahau waliwahi kufika mwezini. Wasomaji hao wawili wamesoma maneno yaleyale. Wa kwanza atasema sura ile ilikuwa ya kupitisha muda, na kwa alichokiona yuko sahihi.

Wolfe pia ana msamiati unaotisha: vazi la watesaji lina rangi anayoiita fuligin, nyeusi kuliko nyeusi. Maneno yake mengi ni ya kale, yaliyochimbwa kwenye kamusi, na kwenye kiambatisho anaeleza kwamba anatafsiri kutoka lugha ambayo bado haijazaliwa. Kosa la kawaida ni kukimbilia kamusi kila mstari. Ukifanya hivyo utasoma kurasa nne kwa saa na utachoka kabla ya sura ya tano. Kanuni inayofaa: neno geni likitokea mara ya kwanza, kisia kutokana na jirani zake na uendelee; likitokea mara ya pili, litie alama kwa penseli; likija mara ya tatu, ndipo ulitafute. Mengi hayafiki mara ya tatu, na yanayofika mara nyingi umeshayaelewa.

Hapo ndipo pia unapoona kwamba uzito na unene havitembei pamoja. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni riwaya fupi, na wasomaji waliobobea hukwama ndani yake kwa sababu ya maana ya tatu. Kinyume chake, kuna riwaya za kurasa 900 zinazoteremka kama maji. Mtu akikuambia kitabu ni kizito, muulize uzito uko wapi.

Sasa nichukue kitabu kimoja na kukikaribia, kwa kuwa kwenye hiki wasomaji wanagawanyika waziwazi: Jonathan Strange & Mr Norrell ya Susanna Clarke, iliyotoka mwaka 2004. Kina kurasa karibu 800, sura 69 katika mafungu matatu, na tanbihi karibu 200. Kilishinda tuzo ya Hugo na World Fantasy Award, tuzo za wapenzi wa fantasia, mwaka 2005, na kabla ya hapo kilikuwa kimeingia orodha ndefu ya Booker, tuzo ya fasihi kwa jumla. Ni nadra kitabu kupendwa na kambi zote mbili hizo, na wasomaji wa kambi zote mbili wapo walioishia njiani.

Sababu ya kwanza ni jalada. Strange ndiye jina la kwanza pale mbele, lakini jamaa zake hawaletwi mpaka karibu sura ya 14, na hata hapo hadithi inaanza na baba yake. Mpaka wakati huo umekuwa na Norrell, mchawi mzee, mwoga, mchoyo wa vitabu, asiyependeka kirahisi. Sababu ya pili ni tangazo. Mchapishaji alikuwa yuleyule wa Harry Potter, na ulinganisho ukaenea kila mahali. Aliyekuja akitafuta shule ya uchawi na vita vya fimbo alikuta vikao vya waungwana wa Uingereza ya mwaka 1806 wakibishana kwa nini uchawi hautendwi tena nchini. Aliyekuja kutoka kwa Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa zama hizo, alijisikia nyumbani tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu sentensi za Clarke ni safi, zina kejeli ya upole, na maneno machache yameandikwa kwa tahajia ya wakati huo. Kwa hiyo maana ya pili haina nguvu hapa, sentensi hazichoshi. Wanaolalamika wanalalamikia maana ya kwanza, na wanaosifu wanasifu ya tatu. Ndiyo maana hawasikilizani.

Tazama sura ya 8. Binti wa miaka 19, mchumba wa waziri, amekufa kabla ya harusi. Norrell, anayehitaji upendeleo serikalini, anaita kiumbe wa ulimwengu wa majini ya Kiingereza, bwana mwenye nywele kama sufi ya mbaruti, ili amfufue. Wanapatana bei. Kiumbe anakadiria binti ataishi miaka mingine 75, mpaka afikishe 94, naye anadai nusu ya maisha hayo. Norrell anapiga hesabu kimoyomoyo: nusu ni miaka mingi, lakini iko mbali, uzeeni. Anakubali. Kiumbe anaondoka na kidole kidogo cha binti kama ushahidi wa mkataba. Binti anaamka, anaolewa, na London yote inashangilia.

Hakuna aliyesema nusu ipi.

Kuanzia hapo kitabu kinarudi kwenye karamu, mialiko na siasa, na ndipo wasomaji wengi wanaposema hakuna kinachotokea. Sasa soma tena huku neno "nusu" likiwa limekukaa kichwani. Bibi huyo kijana, Lady Pole, anachoka bila ugonjwa. Anakaa kimya kwenye meza ya chakula. Kila akijaribu kueleza linalomsibu, kinywani hutoka kisa cha ajabu kisicho na uhusiano wowote, na wanaomsikiliza wanaamua akili imemruka. Kiumbe alichukua nusu ya kila siku yake: kila usiku anachukuliwa kwenda kucheza dansi katika nyumba ya kiumbe huyo, na asubuhi anarudishwa amechoka, kinywa kimefungwa kwa uchawi. Sura zile za chai na mialiko ni sura za mwanamke aliyefungwa gerezani mbele ya macho ya kila mtu, na kila mgeni anayesema "Lady Pole hajambo?" anapita nje ya mlango wa gereza hilo. Msomaji aliyeruka hesabu ya sura ya 8 hana namna ya kuliona gereza. Anaona chai tu.

Naliona hili kuwa tendo la ujasiri mkubwa wa kiusimulizi. Clarke anamweka msomaji mahali palepale walipo watu wa London: usipokuwa makini, na wewe utamwona bibi huyo anachosha.

Tanbihi nazo ni hivyohivyo. Nyingine ni za mstari mmoja, zikitaja vitabu vya uchawi ambavyo havipo. Nyingine zinapanda ukurasa mpaka kubakiza mistari michache ya hadithi juu, na ndani yake mna ngano nzima za wasafiri, majini na Mfalme Kunguru, mchawi aliyetawala kaskazini mwa Uingereza hapo kale. Msomaji akizisoma katikati ya sentensi hupoteza sentensi. Akiziruka zote, fungu la tatu humkuta mgeni, kwa sababu historia ya mfalme huyo imetandazwa humo vipande vipande. Maliza aya kwanza, kisha shuka kwenye tanbihi. Ikizidi nusu ukurasa, maliza sura nzima ndipo uirudie, uisome kama hadithi inayojitegemea, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Na hapa aina ya nakala inaingia moja kwa moja. Kwenye karatasi tanbihi iko chini ya jicho. Unaiona urefu wake kabla hujaamua. Kwenye kifaa cha kusomea ni kiungo kidogo, na ukikigusa hujui kama utasoma mstari mmoja au kurasa mbili; ukichelewa kurudi, unaweza kupoteza ulipokuwa. Kwenye kitabu cha kusikiliza hakuna "chini ya ukurasa" kabisa: ama tanbihi isomwe palepale, ikikata mazungumzo, ama iachwe. Anayesikiliza anaposema kitabu kinarukaruka, anasema kweli kuhusu alichosikia. Ramani na orodha za wahusika zina shida hiyohiyo. Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James, ya mwaka 2019, ina orodha ya wahusika mwanzoni, na inahitajika hasa: msimulizi yuko kifungoni, anamjibu anayemhoji, anaruka huku na huku, na sentensi ya kwanza kabisa inakwambia mtoto anayetafutwa ameshakufa. Mwenye karatasi huweka kidole kimoja kwenye orodha hiyo. Mwenye sauti masikioni hana pa kuweka kidole. Kwa riwaya za namna hii ningemshauri mtu asikilize mara ya pili na asome kwa macho mara ya kwanza.

Muda nao hausemwi vya kutosha. Riwaya ya Clarke ina maneno zaidi ya 300,000. Msomaji mzoefu huenda kati ya maneno 200 na 250 kwa dakika kwenye hadithi ya kawaida. Kwenye maandishi mazito chukulia 200. Hizo ni saa 25 kwa uchache. Ukisoma dakika 20 kila usiku kabla ya kulala, utamaliza baada ya siku 75, bila kukosa hata moja. Katika siku 75 jina lililotajwa sura ya 8 limeshafutika ukifika sura ya 40. Ukisoma saa moja kwa siku utamaliza kwa siku 25, na majina bado yana joto. Kitabu ni kilekile, lakini wa kwanza amepewa mzigo wa kumbukumbu mara tatu ya wa pili, tena akiwa na usingizi. Nikisikia mtu anasema wahusika ni wengi mno na wanafanana, swali langu la kwanza ni hilo: ulikuwa unasoma dakika ngapi kwa kikao? Jibu likiwa chini ya nusu saa, lawama naigawa.

Ukiwa huna zaidi ya dakika 20 kwa siku, usizigawe sawasawa. Kusanya vikao vitatu vya dakika 45 kwa wiki, siku nyingine pumzika. Kabla ya kuanza kila kikao rudia kurasa mbili za mwisho; ukiwa umeacha zaidi ya wiki, rudia tano. Weka kadi moja ndani ya kitabu, siyo daftari. Kwenye kadi andika jina, nani wake, na ukurasa alipotokea mara ya kwanza. Basi. Wanaoanza daftari la maelezo marefu huliacha ukurasa wa 60, na mara nyingi kitabu kinaachwa pamoja nalo. Majina 12 hadi 15 kufikia ukurasa wa 100 yanatosha. Aliyetajwa mara moja na kutoweka usimwandike. Kwa kitabu cha Wolfe ongeza safu moja ya vitu visivyoelezwa: picha, mnara, kisima, mlango. Hivyo ndivyo vitakavyolipa baadaye.

Vikao viwili vya mwanzo ndivyo vinavyoamua. Viwe virefu, saa moja kila kimoja, na visitengane zaidi ya siku mbili. Riwaya nzito inakufundisha namna ya kuisoma katika kurasa zake 60 za kwanza, na somo hilo likikatwakatwa halishiki.

Lini uache? Mkutubi wa Marekani Nancy Pearl ana kanuni maarufu ya kurasa 50: soma hamsini, kisha amua, na ukiwa umevuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa unazodaiwa. Ni kanuni nzuri, ya kumwondolea mtu hatia. Lakini kurasa 50 kati ya 800 ni asilimia 6 tu. Kwenye kitabu cha Clarke ungeacha kabla ya mkataba wa sura ya 8, yaani kabla hadithi haijaweka mtego wake. Kwa riwaya ya kurasa 700 na zaidi, mimi ningepima kwa asilimia 12 hadi 15, yaani kurasa kati ya 96 na 120 kwa kitabu cha kurasa 800, na ningeangalia ishara moja: je, ukiwa mbali na kitabu kuna swali linalokurudia? Swali lolote. Kama lipo, endelea hata kama unalalamika. Kama halipo, na umesoma ukiwa macho, kiweke. Usimsikilize anayekwambia "vumilia, kinakolea ukurasa wa 400". Kurasa 400 ni kitabu kizima. Kinachokolea baadaye huwa kimeshatia chumvi yake mwanzoni, na kama hujaionja, mwisho nao hautakuonjesha.

Kumaliza si ushahidi wa kipaji, na kuacha si kosa. Wapo wanaomaliza kwa kiburi, wakipitisha macho kwenye kurasa 500 za mwisho, kisha wanakuja na hukumu kali kuliko aliyeacha kwa uaminifu ukurasa wa 110. Hukumu ya aliyeacha ina faida moja: anajua ni wapi.

Kwa hiyo, kwenye kundi la wasomaji, usipange mkutano mmoja mwisho wa kitabu. Watu wanane wakikutana baada ya kurasa 800, watatu hawajamaliza, wawili wamesahau nusu ya kwanza, na anayesema sana ni yule aliyemaliza jana. Panga mikutano mitatu. Clarke amekurahisishia, kitabu kimegawanywa mafungu matatu: sura ya 1 hadi 22, 23 hadi 44, 45 hadi 69. Wiki tatu kwa kila fungu. Kila mtu aje na namba mbili za kurasa: pale alipotaka kuacha, na pale alipokosa usingizi. Waziandike kabla hawajaanza kuongea, la sivyo wa pili atafuata wa kwanza. Mara nyingi ukurasa ambao mmoja alitaka kuacha unakuwa uleule uliomkosesha mwingine usingizi, na hapo mazungumzo ya kweli yanaanza, kwa sababu sasa kuna aya moja mezani ya kusoma pamoja, mstari kwa mstari.

Unaposoma maoni ya watu usiowajua, tafuta ukurasa vilevile. Anayesema "inachosha" bila kutaja mahali hajakusaidia, na anayesema "kazi ya kiwango cha juu" bila kutaja mahali naye hajakusaidia. Anayesema "sura za vita vya Hispania zilinichosha kwa kuwa uchawi ulikuwa umeshazoeleka" amekupa kitu: unajua maana ya kujikokota anayoishika, na unaweza kujipima naye.

Kuhusu kusoma mara ya pili, riwaya zenye maana ya tatu hubadilika kabisa, na zenye ya kwanza hubadilika kidogo. Peake mara ya pili ni Peake yuleyule, mtamu au mchungu kama mwanzo. Wolfe mara ya pili ni kitabu kingine. Marlon James ameligeuza jambo hili kuwa muundo: fungu la pili, Moon Witch, Spider King la mwaka 2022, linamwacha mwanamke aitwaye Sogolon asimulie mambo yaleyale kwa upande wake, na mengi uliyoamini yanayumba. Aliyechoshwa na msimulizi wa kwanza kwa kuwa hakumwamini alikuwa akisoma sawasawa.

Kwa Clarke, ukirudia, usianze na uchawi mkubwa. Kuna kengele ya huzuni inayosikika kwa mbali ndani ya nyumba ya Lady Pole, na mara ya kwanza inapita kama kengele yoyote ya mji. Chukua penseli, weka nukta pembeni kila inapolia, kisha angalia ni nani yuko chumbani wakati huo, nani anaisikia, na nani anaendelea kunywa chai yake.